Anko wa usiku mmoja: Jirani anapolaza wageni, nani anamjua mwanao?

Ilikuwa Juni, shule zimefungwa. Saa kumi na moja jioni mwanangu wa miaka saba alipita mbele ya mlango wetu amekumbatia soda mbili za baridi, chenji ameifumbata mkononi. Nilimuuliza anazipeleka wapi. Akajibu ametumwa na anko wa kwa bibi.

Anko gani? Jina hakulijua. Anakaa chumba kipi? Kile chenye televisheni kubwa, akasema.

Hapo moyo ulinidunda. Nikamuuliza hiyo televisheni ameiona wapi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema yeye alisimama mlangoni tu, mlango ulikuwa wazi.

Nilivaa kandambili nikaongozana naye. Mgeni alitoka, akanisalimia kwa heshima, akapokea soda zake na kumwachia mtoto shilingi 500. Alikuwa baba wa makamo aliyekuja Dodoma kufuatilia barua yake ya uhamisho katika ofisi moja ya serikali. Kesho yake asubuhi alikuwa anaondoka. Hakuna baya lililotokea, na nilipokuwa narudi nyumbani niliona haya kidogo kwa jinsi nilivyomkazia macho.

Lakini usiku ule usingizi ulinipaa. Mwanangu hakuwa amekosea chochote. Aliamkia shikamoo kama nilivyomfundisha. Alipotumwa alikwenda bila kununa, kama nilivyomfundisha. Chenji aliirudisha yote. Adabu ile ile niliyomlea nayo ndiyo iliyomfikisha mlangoni kwa mtu ambaye mimi simjui, na ambaye mwenye nyumba naye hakuwa akimjua.

Chang'ombe ya vyumba

Ukitaja Chang'ombe, wasomaji wengi huifikiria ile ya Temeke, Dar es Salaam. Ninayoizungumzia ni ya Dodoma, mtaa ulioanza kama makazi yasiyopangwa na kukua pamoja na mji. Nyumba nyingi ni za vyumba: mwenye nyumba anaishi upande mmoja, wapangaji wamejipanga upande wa pili, uwanja ni mmoja, bomba ni moja, na pengine kuna mwarobaini mmoja wa kivuli.

Nyumba ya bibi jirani yetu ilikuwa hivyo. Ilikuwa na wapangaji sita: fundi cherehani aliyeweka mashine yake barazani, kijana wa bodaboda na mkewe, mwalimu, mama muuza mboga na wanafunzi wawili wa chuo. Hawakuwa malaika. Waligombana kwa ajili ya zamu ya kufagia na bili ya maji. Ila kila mmoja alimjua mtoto wa mwenzake kwa jina, na alijua pia ni mtoto yupi hapewi karanga na yupi hutoroka kwenda kuchezea mtaroni.

Ndiyo maana mila yetu ya kumtuma mtoto wa jirani haikutupa shida. Mtu mzima yeyote angeweza kuita mtoto yeyote, akampa hela na kumwagiza chumvi. Mzazi hakuuliza, kwa kuwa majibu alikuwa nayo tayari: aliyemtuma ni nani, anakaa wapi, na kesho yupo. Hilo la tatu ndilo lenye uzito. Mtu atakayekuwepo kesho anajua kwamba kesho kuna kuulizwa.

Leo vyumba vinne kati ya vile sita vina vitanda vikubwa, mapazia mazito na televisheni ukutani. Watu wanaingia na mabegi ya magurudumu, wanalala siku moja au mbili, wanakwenda. Mtoto wangu anawaita wote anko na anti. Mila imebaki, ila watu waliokuwa wakiilinda wameondoka.

Kwa nini Dodoma, kwa nini sasa

Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973. Kwa miongo mingi ulikwenda kwa mwendo wa kinyonga. Mwaka 2016 Rais John Magufuli alitangaza kwamba sasa serikali inahama kweli, na Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akahamia mwaka huo huo. Tarehe 26 Aprili 2018 Manispaa ya Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Wizara zikajengewa Mji wa Serikali kule Mtumba. Katika Sensa ya mwaka 2012 wilaya hii ya mjini ilikuwa na watu zaidi kidogo ya 410,000. Sensa ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000.

Hao ni wakazi. Wageni wana hesabu yao. Kuna wenye mashauri wizarani, wenye semina, wazazi wanaokuja mahafali ya Chuo Kikuu cha Dodoma, wajumbe wa mikutano ya vyama. Zaidi ya wote kuna msimu wa Bunge la Bajeti, unaoanza Aprili na kumalizika mwishoni mwa Juni. Miezi hiyo mji unafurika. Tangu treni ya umeme ya SGR ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, mtu anaweza kupanda asubuhi, akaingia ofisini mchana, akalala usiku mmoja na kurudi.

Sasa mzazi angalia kalenda yako. Likizo ya Juni inaangukia ndani ya wiki za mwisho za Bunge la Bajeti. Wageni wanapokuwa wengi kuliko wakati wowote mwingine wa mwaka, watoto nao wako nyumbani kutwa, na wazazi wengi tuko kazini.

Hesabu ya mwenye nyumba

Ni rahisi kumlaumu jirani. Kabla ya hapo tupige hesabu yake.

Tuseme chumba kinapangishwa kwa shilingi 70,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba akikitia kitanda, godoro zuri, pazia na televisheni, akalaza wageni kwa 30,000 kwa usiku, siku tatu tu zinamrudishia kodi ya mwezi na chenji inabaki. Mpangaji naye anaweza kukaa miezi miwili hajalipa, na kumtoa ni kesi ya kwenda hadi kwa mwenyekiti wa mtaa.

Bibi yetu ni mjane. Anasomesha wajukuu watatu. Paa la upande wa wapangaji lilikuwa linavuja tangu mvua za mwaka juzi. Dalali alipomwambia habari za kulaza wageni, alimletea hesabu hiyo hiyo, na mimi ningekuwa yeye ningeisikiliza.

Hata hivyo, hesabu ya dalali huwa na mistari iliyorukwa. Umeme wa mgeni unalipwa na mwenye nyumba, na mgeni hazimi heta ya maji. Mashuka yanafuliwa kila siku, na maji ya Dodoma yana bei yake. Dalali anachukua chake. Bunge likiahirishwa mwisho wa Juni, vyumba vinaweza kukaa wiki nzima bila mtu, wakati mpangaji wa mwezi angekuwa analipa. Mwenye nyumba anayefikiria njia hii ahesabu mwaka mzima, asihesabu Mei na Juni peke yake.

Walioondoka

Wapangaji wanne waliambiwa mkataba wao ukiisha hautaongezwa. Hakuna aliyefukuzwa kwa nguvu. Walipewa muda, wakafungasha.

Fundi cherehani alihamia pembezoni mwa mji, ambako kodi ni nafuu. Binti yake na mwanangu walikuwa darasa moja. Alihamishwa shule katikati ya mwaka, na kwa wiki kadhaa mwanangu alikuwa anauliza atarudi lini. Sikuwa na jibu.

Nilichelewa kuelewa kwamba yule fundi alikuwa anatufanyia kazi nyingine bila malipo. Kutwa nzima alikaa barazani, uso umeelekea njiani. Akiwa anashona alikuwa anaona nani kaingia, nani katoka, mtoto gani analia na nani kamliza. Mara mbili nilichelewa kazini, na mara zote mbili nilimkuta mwanangu amekaa kwenye kibao karibu na mashine, ameshapewa uji. Hakuna aliyemwagiza afanye hivyo.

Baraza lile sasa limewekwa vigae na chungu cha maua. Linapendeza kwenye picha, ila hakuna anayekaa pale.

Gesti ina daftari, nyumba bubu haina

Kuna atakayesema gesti zimekuwepo mitaani kwetu miaka yote. Ni kweli. Aliyewahi kulala gesti anakumbuka lile daftari refu la mapokezi: jina lako, unatoka wapi, unakwenda wapi, namba ya kitambulisho, sahihi. Tulikuwa tunaliona usumbufu. Kumbe daftari lile ndilo lililomfanya mgeni awe mtu mwenye jina. Gesti ina mhudumu, ina leseni ukutani, na mtaa mzima unajua kwamba pale ni gesti, hivyo mtoto anakatazwa kucheza mlangoni pake.

Chumba cha kulaza wageni ndani ya nyumba ya kawaida mara nyingi hakina lolote kati ya hayo. Mgeni anamalizana na dalali kwa simu, anatuma fedha, anaelekezwa ufunguo ulipo. Anaweza kuingia saa tano usiku na kutoka saa kumi na moja alfajiri bila mwenye nyumba kuuona uso wake. Mitaani tuna jina la nyumba za namna hii: gesti bubu.

Sheria hazijakaa kimya. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka nyumba za malazi ya watalii zisajiliwe na ziwe na leseni. Biashara ya kulaza wageni inahitaji leseni ya biashara, ambayo sasa huombwa kwa mfumo wa TAUSI wa serikali za mitaa, na ina ushuru wake kwa halmashauri. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 nayo inataka kibali kabla ya kubadili matumizi ya ardhi, ikiwemo kugeuza makazi kuwa biashara. Kuhusu muziki wa usiku wa manane, kuna kanuni za mwaka 2015 za udhibiti wa kelele na mitetemo chini ya Sheria ya Mazingira.

Mwenye nyumba anayefuata taratibu hizi anajikinga mwenyewe kwanza. Siku mgeni akifanya kosa ndani ya chumba chake, polisi watakuja kumuuliza yeye: alikuwa nani huyu? Asiye na daftari hana la kujibu.

Wenzetu yaliwafika

Jambo hili si la Dodoma peke yake. Nairobi walijifunza kwa uchungu. Januari 2024 wanawake wawili waliuawa, kwa nyakati tofauti, katika nyumba za kupangishwa kwa muda mfupi. Mwishoni mwa mwezi huo maelfu ya watu waliandamana kupinga mauaji ya wanawake, na mamlaka ya usimamizi wa utalii ya Kenya ikawataka wenye nyumba hizo wote wajisajili.

New York, Marekani, walianza Septemba 2023 kutekeleza sheria kali. Anayelaza wageni kwa siku chini ya 30 ni lazima ajisajili, awepo mwenyewe nyumbani wageni wakiwepo, na asizidishe wageni wawili. Barcelona, Hispania, wamekwenda mbali zaidi: Juni 2024 meya wao alitangaza kwamba leseni za nyumba za watalii zaidi ya 10,000 hazitaongezwa muda, na ifikapo Novemba 2028 zitakuwa zimekwisha. Sababu aliyoitoa ni kwamba wenyeji wanakosa nyumba za kuishi.

Ajabu ni kwamba Airbnb, kampuni iliyoeneza biashara hii duniani, ilianza kwa namna ambayo hata bibi yetu angeikubali. Mwaka 2007 vijana wawili wa San Francisco walioshindwa kodi walitandika magodoro ya kujaza upepo sebuleni kwao, wakalaza watu waliokuja kwenye mkutano wakati hoteli zimejaa. Wenye nyumba walikuwemo ndani, na wageni walikunywa nao chai asubuhi. Wasiwasi ulikuja baadaye, mwenye nyumba alipoondoka na kuacha ufunguo.

Kwa hiyo, mzazi, kama utachukua jambo moja tu katika makala haya, chukua hili: swali la kumuuliza jirani yako si kama analaza wageni. Muulize nani anakuwepo wageni wanapokuwepo.

Tulivyokwenda kwa bibi

Baada ya lile la soda nilitaka kwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa mtaa. Mume wangu akanizuia. Alisema bibi ametukaribisha mtaa huu, mtoto wetu alipougua usiku ni yeye aliyetutafutia bajaji, na mtu wa namna hiyo hushitakiwi kabla hujaongea naye.

Tulikwenda Jumapili jioni, sisi na wazazi wengine wawili. Tulikwenda bila mikono mitupu: kilo ya sukari na zabibu za Dodoma. Tukamwamkia, tukakaa, tukaongea kwanza habari za mguu wake unaomsumbua. Ndipo tukaeleza.

Mwanzoni aliumia. Aliuliza kama tumekuja kumfungia riziki, na kama ndivyo, nani kati yetu atalipia sare na michango ya wajukuu wake. Hatukuwa na jibu la hilo, na tulimwambia hatuna. Tukamwambia kilichotuleta ni watoto, wakiwemo hao wajukuu wake, ambao wanalala ukuta mmoja na watu wasiojulikana.

Hilo lilimgusa. Ikabainika kwamba yeye mwenyewe alikuwa na hofu. Usiku mmoja mgeni mlevi alikosea mlango akagonga kwa wajukuu, na bibi hakumwambia mtu kwa sababu ya aibu.

Tulikubaliana mambo haya. Kila mgeni atapokelewa na bibi au mjukuu wake mkubwa, ana kwa ana, na ufunguo hautaachwa chini ya chungu tena. Kutakuwa na daftari lenye jina, kitambulisho na namba ya simu, na anayekataa kuandika atafute pengine. Ukutani kila chumba kitakuwa na karatasi yenye namba za duka na za kijana wa bodaboda, na maneno kwamba watoto wa mtaa hawatumwi. Muziki mwisho saa nne usiku. Na bibi atakwenda ofisi ya mtaa na halmashauri kuuliza taratibu za leseni, mmoja wetu amsindikize, kwa sababu foleni na simu za kisasa zinamchosha.

Yapo aliyoyakataa. Tuliomba chumba kimoja kirudishwe kwa mpangaji wa kudumu mwenye familia. Alisema atafikiri baada ya mwaka. Tuliomba asipokee wageni wa usiku mmoja. Alikataa kabisa, kwa kuwa hao ndio wengi.

Naye alikuwa na madai yake. Mpira wa watoto wetu umeshavunja taa ya gari la mgeni, na gharama alilipa yeye. Pia alisema anajua tunamsema pembeni. Tukaomba radhi. Taa tukachangishana.

Mtoto afundishwe nini

Sikutaka kumfundisha mwanangu kuogopa watu. Mtoto anayenyimwa shikamoo anakua mgumu wa moyo, na wageni wengi wanaokuja Dodoma ni watu wazima wenye shida zao za halali. Nilichofanya ni kutenganisha mambo mawili ambayo zamani yalikwenda pamoja.

Salamu ni ya kila mtu. Mkubwa yeyote anaamkiwa, awe mkazi au mgeni, tena kwa sauti.

Kutumwa ni kwa watu wetu. Tulikaa mezani tukawataja kwa majina watu wanaoruhusiwa kumtuma. Walifika saba. Asiye kwenye orodha, hata akiwa na uso mzuri na hela mkononi, anapewa jibu moja: "Ngoja nimwambie mama." Jibu hili halina utovu wa adabu, na mtu mwema hawezi kulichukia. Anayelichukia amejieleza.

Mlango na geti ni mpaka. Haingii chumba cha mtu, hata kama ni kuona katuni, hata kama mwenzake ameingia.

Hela na zawadi zinasemwa nyumbani siku hiyo hiyo. Na mtu mzima akimwambia mtoto "usimwambie mama", hilo ndilo la kusema kwanza.

La mwisho linatuhusu sisi. Mtoto akisema, asipigwe wala asifokewe. Siku ile ya soda nilipandisha sauti, na kwa siku mbili mwanangu hakunisimulia kitu. Ilinibidi nimtake radhi. Mtoto anayeogopa kufokewa hujifunza kuficha, na anayeficha hana mlinzi.

Nisimdanganye mzazi kwamba mgeni ndiye hatari pekee. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011 ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu katika kila 10, na mvulana mmoja katika kila saba, walipata kufanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Wanaotenda hayo si wapita njia tu. Wapo majirani na ndugu. Ndiyo maana "Ngoja nimwambie mama" na kanuni ya mlango zinafanya kazi kwa wote, hata kwa walio kwenye orodha ya saba.

Ukiona dalili mbaya, usizimalize kwa vikao vya familia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa pale haki ya mtoto inapovunjwa. Unaweza pia kupiga 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, au kwenda Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, au kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata yako.

Siku ya tatu

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumezoea kuuchukulia msemo huu kama wa kumfukuza mtu. Mimi nauona vingine siku hizi. Jembe lilikuwa njia ya kumwingiza mgeni katika watu wa nyumba: akilima nanyi, mnamjua na anawajua. Wageni wa Chang'ombe hawaifikii siku ya tatu, kwa hiyo hakuna anayepewa jembe. Kazi yote ya kujuana imebaki kwetu tunaoishi hapa, na haitajifanya yenyewe kama zamani. Inabidi tuikalie kikao, tuiandike kwenye daftari, tuifundishe mezani.

Julai ilipoingia Bunge lilikuwa limeahirishwa na vyumba vya bibi vilikaa vitupu. Jioni moja alichungulia juu ya ukuta, akamwita mwanangu akamchukulie chumvi dukani. Bibi yumo kwenye orodha, tena wa kwanza.

Mtoto akamwamkia, akasema, "Ngoja nimwambie mama."

Nilitaka kutoka nimsahihishe, kwamba bibi ni wetu. Bibi akaniwahi kwa kunipungia mkono nikae. Akamwambia kamwambie, mimi nasubiri. Akasimama pale ukutani na noti yake ya elfu moja mpaka mtoto alipokuja kwangu, akauliza, akaruhusiwa, akarudi kuichukua.